Kent State, Mei 1970: Kila mtu anaikumbuka Jumatatu, mimi naomba tuijadili wikendi

Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna picha moja ambayo wengi humu mmeshaiona hata kama hamjui ilipigwa wapi: msichana kapiga goti kwenye lami, mikono kaitandaza, analia kwa sauti, na mbele yake kijana kalala kifudifudi, hana uhai. Ni Ohio, Marekani, Jumatatu tarehe 4 Mei 1970, Chuo Kikuu cha Kent State. Askari walifyatua risasi kwa sekunde 13. Wanafunzi wanne walikufa, tisa wakajeruhiwa. Simulizi nyingi zinaanzia hapo na kuishia hapo hapo.

Nimeisoma habari hii kwa muda mrefu, na ninachokiona mimi ni kwamba Jumatatu ilipikwa wikendi. Kila siku iliyopita, uamuzi ulimtoka mtu aliyewajua wale vijana ukaenda kwa mtu aliyekuwa mbali nao zaidi. Ijumaa mchana mambo yalikuwa ya chuo. Usiku yakawa ya meya. Jumapili yakawa ya gavana. Jumatatu yakabaki kwa mwenye bunduki. Nitakwenda siku kwa siku. Wale wa "fupisha mkuu" naomba radhi, leo sifupishi.

Tuanze na chanzo. Alhamisi tarehe 30 Aprili, Rais Nixon alitokea kwenye televisheni akatangaza kwamba majeshi ya Marekani yameingia Kambodia. Huyu ni mtu aliyeingia madarakani akiahidi kuitoa nchi Vietnam kwa heshima, na sasa anafungua mlango wa nchi ya pili. Kwa vijana wa kiume hili halikuwa suala la siasa za magazetini. Tarehe 1 Desemba 1969 serikali ilikuwa imechezesha bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa: tarehe yako ikitoka mapema, jiandae kuitwa jeshini. Kijana wa miaka 19 alikuwa anaweza kupelekwa vitani, lakini kura hakuwa nayo, kwa sababu umri wa kupiga kura ulikuwa 21. Ulishushwa hadi 18 mwaka 1971, vita bado vinaendelea.

IJUMAA, 1 MEI

Katikati ya chuo kuna uwanja wa majani wanaouita Commons, na kando yake kengele ambayo kwa kawaida ilipigwa timu ya chuo ikishinda. Saa sita mchana kengele ikapigwa, wakakusanyika watu kama 500. Kikundi cha wanafunzi wa historia wa shahada za juu kikachimba shimo na kuizika nakala ya Katiba ya Marekani. Hoja yao: Rais ameshaiua, kapeleka jeshi nchi nyingine bila Bunge kutangaza vita, kwa hiyo kilichobaki ni mazishi. Hakuna aliyerusha hata kokoto. Wakaagana: tukutane tena hapa Jumatatu, saa sita.

Ikumbukeni hiyo ahadi ya Jumatatu, maana ndiyo mkutano ambao baadaye serikali ilitaka kuuzuia kwa bunduki.

Alasiri hiyo wanafunzi weusi nao walikuwa na mkutano wao, watu kama 400, wakisikiliza wenzao waliotoka Chuo Kikuu cha Ohio State kueleza vurugu za huko. Nao wakamaliza kwa amani. Baada ya hapo, watu wakafunga mabegi. Kent kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 20,000, wengi wao watoto wa wafanyakazi wa viwandani kutoka Cleveland, Akron na Youngstown, na kilisifika kwa jambo moja: Ijumaa ikifika wanafunzi wanarudi kwao kufuliwa nguo na kula cha mama. Hata rais wa chuo, Robert White, alisafiri kwenda Iowa. Kwa hiyo wikendi iliyokuja kuamua kila kitu ilipita chuo kikiwa nusu kitupu na mkuu wake hayupo.

Usiku, waliobaki wakaenda mjini kwenye baa za North Water Street. Ilikuwa moja ya siku za kwanza za joto baada ya baridi. Watu wakanywa, wakaanza kupiga kelele za kupinga vita, wengine wakawasha moto katikati ya barabara, chupa zikarushiwa magari ya polisi, kisha vioo vya maduka na benki vikavunjwa. Meya LeRoy Satrom akatangaza hali ya hatari na kuamuru baa zote zifungwe.

Hebu fikirini uamuzi huo. Una watu mia kadhaa wenye hasira barabarani, na mamia wengine wamekaa ndani wanakunywa bia yao kwa utulivu. Unafunga baa. Wale wa ndani unawatoa nje uwaunganishe na wale wa barabarani, na sasa wote wana hasira. Polisi wakawasukuma kwa mabomu ya machozi kurudi chuoni, usiku wa manane.

Nitaendelea na Jumamosi. Nasukuma chai kwanza.

Nyuki_Mkali

Naweka kambi hapa. Mleta uzi usitukimbie kama yule wa uzi wa meli.

Afande_Mstaafu

Mkuu Kibatari, unaandika vizuri ila unapita juu juu pale pasipokufurahisha. Vioo vya maduka vimevunjwa. Yule mwenye duka amemkosea nini Nixon? Amemkosea nini Mvietinamu? Mimi nimelinda maandamano zaidi ya mara moja. Watu 500 wenye pombe si wanafunzi tena, ni umati. Meya alikuwa na polisi wachache kwenye mji mdogo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kibatari

Shikamoo Afande. Mwenye duka alionewa, hilo sina ubishi nalo, na kuna wanafunzi waliokwenda Jumamosi asubuhi kusaidia kufagia vioo. Na sitamlaumu meya kwa kuogopa. Ninachomlaumu ni alichokiamini. Mji ulijaa uvumi kwamba kuna wanamapinduzi kutoka nje wamekuja kuuharibu, na yeye akaupokea kama taarifa ya usalama. Alikuwa anapambana na jeshi ambalo halikuwepo. Waliokuwepo ni vijana walevi wa Ijumaa.

JUMAMOSI, 2 MEI

Mchana ulipita katika hali ya kusubiri. Amri ya kutotoka nje mjini. Jioni, karibu saa kumi na moja, meya akapiga simu kwa ofisi ya gavana kuomba Walinzi wa Taifa, yaani wale askari wa akiba wa jimbo. Hakukaa kwanza na uongozi wa chuo wakakubaliana. Na askari hawakuwa mbali: walikuwa tayari kazini kaskazini mwa Ohio kwa sababu ya mgomo wa madereva wa malori. Walikuja Kent wakiwa hawajalala vizuri siku kadhaa.

Usiku ndipo palipoharibika. Kulikuwa na jengo la mbao la zamani, ofisi ya mafunzo ya maofisa wa jeshi kwa wanachuo. Kwa wapinga vita hilo lilikuwa jeshi lenyewe, limekaa katikati ya chuo. Lilikuwa limeshapangwa kubomolewa. Umati wa watu zaidi ya 1,000 ukalizunguka. Walijaribu kuliwasha mara kadhaa bila mafanikio, mwishowe likashika. Zimamoto walipokuja, mipira yao ya maji ilikatwa na kutobolewa, wakaondoka. Askari walipoingia mjini, anga lilikuwa jekundu tayari.

Nani aliwasha? Mpaka leo haijathibitishwa. Kuna wanaosema ni wanafunzi, kuna wanaosema ni watu wa kupandikizwa, na kila upande una mashahidi wake. Sitauingiza uzi huu kwenye shimo hilo.

Wanjiru_wa_Thika

Jameni, kukata mpira wa zimamoto hapo nimewakatia tamaa hao vijana. Unaweza pinga vita lakini moto ukishika bweni la jirani, je?

Kibatari

Uko sawa dada. Na hilo ndilo tendo lililowapa wakubwa kila walichokihitaji. Jengo tupu lilikuwa limeteketea, hakuna aliyekufa, lakini kuanzia usiku ule hakuna aliyekuwa anazungumza tena kuhusu Kambodia. Mazungumzo yakawa ni moto.

JUMAPILI, 3 MEI

Kwangu hii ndiyo siku ya siku, nanyi niruhusuni nikae hapa kidogo.

Asubuhi chuo kiliamka na askari karibu 1,000, magari ya deraya, na helikopta juu. Gavana James Rhodes akaja mwenyewe, akafanya mkutano na waandishi wa habari kwenye kituo cha zimamoto cha Kent. Aligonga meza. Akasema waandamanaji hao ni wabaya kuliko wale wafuasi wa Hitler wa mashati ya kahawia, wabaya kuliko wakomunisti, na kwamba ni aina mbaya kuliko zote ya watu ambao Marekani inawahifadhi. Akasema atatumia kila nguvu ya sheria.

Kwa nini makali yote hayo? Angalieni kalenda. Jumanne tarehe 5 Mei ulikuwa uchaguzi wa awali wa chama cha Republican, na Rhodes alikuwa anagombea kuteuliwa kuwania useneta dhidi ya Robert Taft mdogo. Alikuwa nyuma. Ile haikuwa hotuba ya kuwatuliza watu wa Kent, ilikuwa hotuba ya kampeni, siku mbili kabla ya kura. (Alishindwa kwa kura chache. Miaka minne baadaye akarudishwa kwenye kiti cha ugavana.)

Rhodes alisema pia kwamba ataomba amri ya mahakama kutangaza hali ya hatari. Hakuiomba. Lakini kila mtu chini yake, kuanzia maofisa wa jeshi hadi uongozi wa chuo, alifanya kazi kana kwamba ipo. White alikuwa amesharudi kutoka Iowa, na alichokikuta ni chuo ambacho si chake.

Sasa huku chini, hali ilikuwa ya ajabu. Ilikuwa Jumapili ya jua. Familia zilikuja na watoto kutazama mabaki ya jengo lililoungua. Wanafunzi walisimama na askari wakipiga soga, maana wengi walikuwa rika moja. Baadhi ya wale askari walikuwa wanafunzi wenyewe. Na jambo ambalo watu hulisahau: kujiunga na Walinzi wa Taifa ilikuwa njia iliyojulikana ya kijana wa Kimarekani kuikwepa Vietnam. Kwa hiyo pale kwenye majani walisimama vijana wa aina mbili wasiotaka kwenda vitani, mmoja kashika kitabu na mwingine kashika bunduki.

Askari mmoja alikuwa na ua kwenye mtutu. Ofisa wake alipomfokea alitoe, mwanafunzi aitwaye Allison Krause, miaka 19, akamjibu ofisa: maua ni bora kuliko risasi. Maneno hayo yameandikwa kwenye kaburi lake.

Usiku wanafunzi wakakaa chini barabarani karibu na lango la chuo, wakitaka kuzungumza na meya na rais wa chuo. Waliamini wameahidiwa kwamba watakuja. Hawakuja. Kilichokuja ni tangazo kwamba muda wa kutotoka nje sasa unaanza mapema zaidi, kisha mabomu ya machozi na singe. Kuna waliochomwa. Ule urafiki wa mchana ukaisha hapo, na ndio maana nasema kama kuna saa ambayo bado mtu angeweza kuokoa jambo, ni hiyo ya Jumapili usiku. Mtu mmoja mwenye cheo angetokea na kipaza sauti akawasikiliza nusu saa, sidhani kama ningekuwa naandika uzi huu.

Nyuki_Mkali

Daah. Lete Jumatatu.

Mama_Tumaini_OH

Habari zenu wote. Mimi naishi Ohio na nilikwenda Kent na kikundi cha kanisa. Kibatari amenikumbusha, naomba nieleze palivyo kwa macho.

Ni kilima kidogo cha majani, wenyewe wanakiita Blanket Hill kwa sababu wanafunzi walikuwa wanatandika mablanketi kujianika juani. Juu pana kibanda cha zege kama mwavuli, ndipo askari walipogeukia. Chini upande wa pili ni maegesho ya magari ya hosteli ya Prentice. Pale walipoanguka wale wanne wameweka vizuizi na taa, hakuna gari linaloegeshwa hapo. Magari mengine yote yameegeshwa kama kawaida pembeni, wanafunzi wanashuka na mabegi yao wanakwenda darasani. Pia kuna sanamu ya chuma karibu na jengo la Taylor, risasi iliitoboa na tundu lipo hadi leo, unaweza kuingiza kidole.

Kilichonishtua mimi ni umbali. Ukisimama pale juu ukatazama maegesho, mtu aliye kule huwezi kumwona sura vizuri.

Kibatari

Asante sana mama. Umenirahisishia kazi, maana nilikuwa nahangaika namna ya kuwaeleza watu umbali huo.

JUMATATU, 4 MEI

Asubuhi chuo kilisambaza vipeperushi 12,000 vinavyosema mikutano imepigwa marufuku. Sasa kumbukeni wale wa mabegi. Maelfu walikuwa kwao tangu Ijumaa. Walirudi Jumapili usiku au Jumatatu asubuhi moja kwa moja darasani, wakakuta askari kila kona. Wengi hawakuona kipeperushi chochote. Walichojua ni kwamba Ijumaa ilisemwa tukutane Jumatatu saa sita, na kwamba saa sita ndiyo saa ya kubadilisha vipindi, na Commons ni njia panda ya kila mtu.

Wakajaa watu kama 3,000. Waliochunguza baadaye walikadiria kwamba waliokuwa wakiandamana hasa ni kama 500 karibu na kengele, 1,000 hivi wakiwashangilia, na 1,500 watazamaji na wapita njia. Hasira yao, kwa wengi, haikuwa tena Kambodia. Walitaka askari watoke chuoni.

Polisi wa chuo akazunguka na gari la jeshi akitangaza kwa kipaza sauti watu watawanyike. Akapokewa kwa matusi na mawe. Jenerali Robert Canterbury, aliyekuwa pale mwenyewe akiwa amevaa suti ya kiraia, akaamuru askari wapatao 100 wasonge mbele, bunduki za M-1 zikiwa na risasi za moto. Mabomu ya machozi yakapeperushwa na upepo. Askari wakapanda kilima, wakashuka upande wa pili, wakajikuta wameingia kwenye uwanja wa mazoezi ya mpira uliozungushiwa uzio. Wakasimama pale kama dakika kumi. Mawe yanarushwa, mengi hayafiki. Baadhi yao walipiga goti wakaelekeza bunduki kwenye maegesho, kisha wakanyanyuka. Wakaanza kurudi kilimani. Wanafunzi wengi wakadhani yameisha, wakaanza kuelekea madarasani.

Saa 6:24 mchana, pale juu kwenye kibanda alichokisema Mama Tumaini, askari wakageuka nyuma na 28 kati ya zaidi ya 70 wakafyatua. Risasi kati ya 61 na 67.

Jeffrey Miller, miaka 20, alikuwa kiasi cha mita 80 kutoka kwao. Ndiye wa kwenye picha. Allison Krause, yule wa maua, zaidi ya mita 100. William Schroeder, 19, mita zaidi ya 110, na huyu alikuwa mwenyewe ni mwanafunzi wa mafunzo ya uofisa wa jeshi, yale yale ambayo jengo lake liliungua. Sandra Scheuer, 20, karibu mita 120, alikuwa anakwenda kipindini. Schroeder na Scheuer hawakuwa kwenye maandamano. Kati ya majeruhi, Dean Kahler alipigwa mgongoni akapooza miguu maisha yake yote.

Msichana wa kwenye picha anaitwa Mary Ann Vecchio. Hakuwa mwanachuo. Alikuwa na miaka 14, katoroka kwao Florida. Aliyempiga picha, John Filo, alikuwa mwanafunzi wa Kent, na alipata tuzo ya Pulitzer.

Baada ya risasi nusura yatokee makubwa zaidi, maana mamia ya wanafunzi walikaa chini wakagoma kuondoka na askari walikuwa wanajipanga upya. Aliyeokoa ni mwalimu wa jiolojia, Glenn Frank, aliyewasihi huku analia waondoke la sivyo watachinjwa. Wakaondoka. Huyo hakuwa na cheo chochote katika mlolongo wote nilioueleza. Alikuwa mwalimu wao tu.

Afande_Mstaafu

Umbali huo ndio umenimaliza maneno. Mtu mwenye jiwe mita 100 hakutishii maisha. Mafunzo yoyote ya askari yanasema hivyo. Ila naomba uweke na hili: askari waliochoka, hawajalala, wamefundishwa vita na siyo umati, wamepewa risasi za moto kwa kazi ya virungu. Lawama ya kwanza ni ya aliyewapeleka.

Kibatari

Hapo tumekutana Afande.

Mlimani_Zamani

Vijana, mimi ni mtu mzima kidogo, niruhusuni niwalete nyumbani, maana wikendi za namna hii tunazo.

Tarehe 22 Oktoba 1966, na ilikuwa Jumamosi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, miaka miwili, na sehemu kubwa ya mshahara ikikatwa. Bango moja lilisema wakati wa ukoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika mpaka akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wao karibu 400 akawarudisha makwao. Wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata. Hakuna risasi iliyolia.

Mwaka mmoja baadaye, 1967, Mlimani, yaani chuoni hapo hapo, ikazaliwa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, mwenyekiti wake Yoweri Museveni, na Walter Rodney mwalimu wao na rafiki yao. Hao Jumapili yao ilikuwa ya kusoma. Wakati wengine wanakwenda kanisani au Coco, wao wanakutana kujadili maandishi ya Fanon, Vietnam, Msumbiji. Walitoa jarida lao, Cheche, lililohaririwa na kina Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Novemba 1970, miezi sita tu baada ya Kent, USARF na Cheche vyote vikafungwa na serikali.

Wanjiru_wa_Thika

Kumbe Museveni! Halafu serikali yenyewe ndiyo ilikuwa ya kijamaa. Sasa walikosana na nini?

Mlimani_Zamani

Walikuwa wajamaa kuliko serikali, binti yangu. Na serikali haikupenda kukumbushwa.

Kibatari

Mzee wangu shikamoo, na asante. Nina tofauti moja tu na wewe, si ya kukupinga. Wale wa Mlimani hawakuwa wapinga vita kwa maana ya Kent. Walipinga vita vya Marekani Vietnam na vya Ureno Msumbiji, lakini kwenye vita vya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walikuwa upande wake kabisa. Museveni na wenzake walikwenda mpaka maeneo yaliyokombolewa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 1968. Makao makuu ya FRELIMO yalikuwa hapa hapa Dar, na kiongozi wake, Mondlane, aliuawa hapa hapa kwa bomu la kifurushi Februari 1969. Kwa mwanafunzi wa Mlimani swali halikuwa "vita au amani", lilikuwa "vita vya nani". Kijana wa Kent swali lake lilikuwa "kwa nini mimi nikamuue mtu nisiyemjua?" Wote wawili walikuwa wakisoma habari za Vietnam ile ile.

Na tofauti nyingine, ambayo inagusa hoja yangu: mwaka 1966 waandamanaji walifika mbele ya mwenye uamuzi wenyewe. Akawafokea, akawafukuza, lakini alikuwa amewatazama usoni. Kent hawakumpata hata meya.

Mtu_wa_Kigamboni

Swali: walioua walifungwa?

Kibatari

Hapana, hata mmoja.

Tume ya Rais, iliyoongozwa na William Scranton, ilisema ufyatuaji ule haukuwa wa lazima, haukustahili na hauna udhuru. Lakini jopo la raia la jimbo linaloamua nani ashtakiwe, Oktoba 1970, lilishtaki watu 25, na hakuna askari hata mmoja ndani yake, wengi ni wanafunzi. Kesi nyingi kati ya hizo zilifutwa baadaye. Mwaka 1974 askari wanane walishtakiwa kwenye mahakama ya shirikisho, jaji akaifuta kesi kabla hata utetezi haujaanza. Kesi ya madai ilikwenda na kurudi hadi Januari 1979 ikamalizwa kwa makubaliano: dola 675,000 kwa wote, zilizolipwa na jimbo. Kahler alipata 350,000. Familia za waliokufa, 15,000 kila moja. Gavana na askari wakatia saini tamko la masikitiko, ambalo mawakili walilipima neno kwa neno lisije likasomeka kama kuomba radhi.

Na kwa wale wanaodhani umma ulikuwa upande wa wanafunzi: kura ya maoni ya Gallup mara baada ya tukio ilionyesha asilimia 58 wanawalaumu wanafunzi, 11 tu wanawalaumu askari.

Nyuki_Mkali

Asilimia 58?! Hao wa kwenda kipindini nao walaumiwe?

Kibatari

Ndiyo kazi ya ile hotuba ya Jumapili. Ukishaambiwa kwamba waliopo pale ni watu wabaya kuliko wote nchini, aliyekufa Jumatatu hutamuuliza alikuwa anakwenda wapi.

Ila vyuo vyenyewe vililipuka. Wanafunzi wanaokadiriwa kufika milioni 4 waligoma, mamia ya vyuo vikafungwa. Kent penyewe walifungiwa hadi kipindi cha kiangazi, walimu wakawa wanamalizia masomo kwa barua na kwa kuwaita wanafunzi majumbani. Wikendi iliyofuata, Jumamosi tarehe 9, watu kama 100,000 walijaa Washington. Usiku wa kuamkia siku hiyo Nixon hakupata usingizi, akatoka Ikulu kabla ya alfajiri akaenda kwenye mnara wa Lincoln kuzungumza na wanafunzi waliolala pale. Kuna waliosema baadaye kwamba aliwauliza mambo ya timu za mpira za vyuo vyao.

Mama_Tumaini_OH

Naomba niongeze. Hapa Marekani watu weusi wakisikia Kent huuliza: na Jackson je?

Kibatari

Swali la haki kabisa, mama. Siku kumi tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1970, polisi wa jiji na wa barabara kuu walifyatua risasi zaidi ya 400 kwenye hosteli ya wasichana, Alexander Hall, Chuo cha Jackson State, Mississippi, chuo cha weusi. Phillip Gibbs, miaka 21, mwanafunzi, alikufa. James Earl Green, miaka 17, alikuwa wa sekondari, anapita kurudi nyumbani kutoka kazini kwenye duka la vyakula, akafa. Majeruhi 12. Polisi walidai kulikuwa na mdunguaji. Hakuna aliyeshtakiwa. Na huko hakukuwa na mpigapicha wa kumkuta msichana kapiga goti.

Mlimani_Zamani

Ya Jackson usiiweke kwenye mkia wa uzi wa wengine. Ifungulie wake.

Kibatari

Nimekusikia mzee. Ijumaa usiku, umeme ukiwepo.

Nyuki_Mkali

Kambi nahamishia huko. Naomba unitaje ukiuweka.